Pumzi ya Cortina

Mwalimu Zeyana aliporudi kutoka shuleni alasiri ile, alimkuta mumewe Ghalibu ameketi kwenye meza ya chakula, anapuliza bomba fupi la alumini lililopanuka mdomoni kama tarumbeta. Mlio uliotoka ulikuwa wa mbuzi mwenye mafua.

"Nini hicho?"

"Pumzi ya Cortina," Ghalibu alijibu, akapuliza tena.

Cortina ilikuwa gari yao ndogo nyeupe ya milango miwili, yenye mbio kuliko umbo lake. Mwaka ule wa 1968, klabu ya michezo ya mjini Tabora ilikuwa imetangaza mashindano ya magari siku ya Sabasaba: kwenda Usoke na kurudi, kwa njia ile ile ambayo zamani misafara ilipita kuelekea Ujiji. Ghalibu angeendesha, na Zeyana angekaa kando yake kumsomea njia. Lililobaki kuamuliwa ni jambo moja tu, na lilikuwa limetandazwa mezani: injini ivute hewa kwa kitu gani?

Kulikuwa na matarumbeta mawili ya alumini, aliyoletewa Ghalibu na rafiki yake Abbasi kutoka Dar es Salaam. Kulikuwa na kopo bapa lenye chujio la karatasi, lililokuja na gari lenyewe. Na kulikuwa na dubwana jeusi, chujio la trekta, lenye mafuta ndani yake ya kunasa vumbi, alilolileta fundi Kasimiri. Bibi Thuraya, mama yake Ghalibu, alikuwa amelitandikia gazeti.

"Meza hii ni ya wali," alisema. "Likidondosha tone, mtakula uani."

Zeyana alifundisha sayansi, na mikono yake haikujua kutulia. Alilichukua kopo lenye chujio la karatasi, akaliweka mdomoni, akavuta. Hewa ilikuja bila taabu. Alivuta kupitia lile la trekta. Mbavu zilimbana na mdomo ukajaa harufu ya mafuta. Matarumbeta hayakumzuia hata kidogo.

"Umeona?" Ghalibu alisema. "Injini ni mkimbiaji. Nani amemfunga mkimbiaji kitambaa puani akategemea ashinde?"

"Na vumbi je?"

"Litaingia huku, litoke kule pamoja na moshi."

Jibu lile halikumwingia Zeyana akilini.

Kesho yake walikwenda gereji kwa Kasimiri, karibu na stesheni. Kasimiri alikuwa mzaliwa wa Usoke na aliijua barabara ile tangu alipoipita kwa miguu.

"Mwalimu, vumbi la kwetu Julai linaingia hata ndani ya yai," alisema. "Nimefungua injini nikakuta silinda zimekwaruzwa kama paka wamelala humo. Fungeni lile la trekta."

"Trekta halishindani na mtu," Ghalibu alinung'unika.

"Na injini iliyokufa je, inashindana?"

Wakaanza kubishana. Huyu alisema nguvu, yule akasema uhai. Zeyana aliinama chini ya boneti, akaikodolea macho kabureta, kinywa cha injini, iliyokuwa imekaa peke yake, haina kofia yake ya chujio.

"Hebu niambieni," alisema bila kuinuka. "Hewa inayoingia hapa inatokea wapi?"

Ghalibu alionyesha mbele, kwenye wavu wa pua ya gari. Kasimiri alionyesha chini, kwenye magurudumu. Wote wawili wakatazamana, kila mmoja kidole kikiwa bado hewani.

"Basi hatujui," Zeyana akasema, na uso wake ulichangamka kama mtu aliyeletewa zawadi.

Jioni aliomba kipande cha bafta nyeupe na samli kidogo. Bibi Thuraya alitoa bafta, samli aliikumbatia.

"Samli ya kupaka gari?"

"Mama, vumbi linapita juu ya kitambaa kikavu. Likikuta mafuta linakwama, tunalihesabia hapo."

Bibi Thuraya alifikiri. "Basi nami nitakwenda kuona. Samli yangu haisafiri bila mwenyewe."

Jumapili asubuhi Kasimiri alitoka misani na moja kwa moja akaja kwao. Alimwamkia Bibi shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akasaidia kufunga viraka vya bafta: kimoja kwenye wavu wa mbele, kimoja ndani ya boneti kando ya kabureta, kimoja juu ya paa, na kimoja chini ya kioo cha mbele, pale boneti inapoishia. Kila mtu alitabiri. Ghalibu alisema wavu wa mbele ndio utakaochafuka kupita vyote, na Zeyana alikubaliana naye. Kasimiri alishikilia kuwa ni ndani ya boneti. Bibi Thuraya alichagua paa, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amelichagua.

Walishika njia ya Usoke hadi miti ya miombo ilipoanza kusongamana, mbio, mkia wa vumbi jekundu nyuma yao, kisha Ghalibu akasimama kivulini. Zeyana alifungua kamba haraka, akavitandaza viraka kwenye nyasi.

Cha wavuni kilikuwa na panzi, mbawa za vipepeo, na wekundu wa kawaida. Cha ndani ya boneti, kilichokuwa kimefunikwa, kilikuwa chekundu kama matofali.

"Nilisema!" Kasimiri alipiga kofi. "Magurudumu ya mbele yanalirusha juu, linazunguka humo kama wacheza ngoma."

Cha paani kilikuwa na vumbi kidogo. Lakini Zeyana alikuwa ameshika kile cha chini ya kioo, anakigeuzageuza. Kilikuwa safi kuliko vyote. Ungeweza kukifanya leso.

"Kimekaa vibaya," Ghalibu alisema. "Pengine upepo haufiki pale kabisa. Ndiyo maana."

Hilo nalo lingeweza kupimwa. Alichomoa nyuzi za sufi kwenye mfuko wa kushonea wa mama mkwe wake, akazigandisha kwa samli juu ya boneti, mstari kutoka puani mpaka kiooni. Gari lilipokimbia tena, nyuzi za mbele zililala zikielekea nyuma, kama ilivyotarajiwa. Zile za karibu na kioo zilisimama wima, zikatetemeka, nyingine zikageuka kutazama mbele.

"Upepo unafika," Zeyana alinong'ona, paji la uso likikaribia kugusa kioo. "Unafika, unagonga kioo, unakosa pa kwenda. Umejirundika pale, unasubiri mlango."

"Basi tuufungulie," alisema Bibi Thuraya kutoka kiti cha nyuma.

Wiki ile Kasimiri alikata debe tupu la samli, akalifanya sanduku la kufunika kabureta. Kinywa chake alikipeleka chini ya kioo cha mbele, akakiziba kwa chujio la karatasi. Dubwana la trekta lilirudi shambani lilikotoka. Matarumbeta yalibishaniwa kwa muda, mpaka Zeyana alipouliza kwa nini yasikae ndani ya sanduku lenyewe, nyuma ya chujio. Kasimiri akayafunga humo.

Walipoiwasha injini, Bibi Thuraya alileta chetezo cha ubani kuifukiza gari isipatwe na jicho. Zeyana aliutazama moshi. Ulipanda vizuri, kisha kwenye kona moja ya sanduku ukapinda na kupotea ndani ya bati, kama uzi unaovutwa kwenye tundu la sindano.

"Mama, rudisha hapo!"

Moshi ulipotelea pale pale. Palikuwa na ufa ambao jicho halikuuona. Kasimiri aliuziba kwa mpira wa tyubu, kisha wakazungusha chetezo kila pembe mpaka moshi ukawa haupotei popote ila kwenye kinywa chenyewe. Ghalibu alikanyaga mafuta. Ngurumo ya matarumbeta ilipita chini ya kioo na kuwajia usoni, nzito, tamu. Alicheka peke yake kama mtoto.

Siku ya Sabasaba, baada ya hotuba na gwaride, magari yaliachiwa moja moja. Peugeot ya Raymundi, karani wa reli, ilitangulia. Kufikia nusu ya njia ya kwenda, Cortina ilikuwa imewapita wengine wote, na mbele lilibaki vumbi la Raymundi tu. Injini iliimba bila kukohoa. Usoke walizunguka bendera Raymundi akiwa bado anaonekana.

"Simama," Zeyana alisema.

"Nini kimeharibika?"

"Hakuna. Niliweka kiraka ndani ya sanduku. Hapa ndipo vumbi la njia nzima ya kwenda limekwisha kupita. Nikingoja mpaka Tabora sitajua la kwenda na la kurudi."

"Zeyana, tuko kwenye mashindano!"

"Ghalibu, sitalala."

Ghalibu alimtazama mara moja, akaijua ile sura. Akasimama, huku akiapa kwa Kiarabu cha babu zake. Zeyana aliruka chini, akafungua boneti, akafyatua vifungo vya sanduku. Kina mama waliokuwa kando ya njia walimsalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!" naye akawaitikia kichwa kikiwa ndani. Kiraka kilikuwa cheupe. Pembeni tu palikuwa na mstari wa vumbi, mwembamba kama wanja.

Alikikimbiza garini. "Tazama! Tazama!"

"Naona," Ghalibu alisema, na ingawa alikuwa amekasirika, alitazama mara mbili.

Raymundi alishinda. Wao walikuwa wa pili. Njia nzima ya kurudi Ghalibu alikanyaga mafuta kwa hasira, mpaka walipoziona nyumba za mji.

"Mstari ule," alisema ghafla. "Unadhani umepitia wapi?"

Uwanjani watu walimbeba Raymundi juu juu. Zeyana alisubiri wamtue, akamwendea, ushungi wake umekuwa mwekundu kwa vumbi.

"Hongera, Bwana Raymundi. Umefunga nini kwenye kabureta?"

"Mimi? Sijagusa kitu. Iko kama ilivyotoka kiwandani."

"Nifungulie nione."

Raymundi alidhani anataniwa. Kisha akamwona Ghalibu anakuja na taulo, na Kasimiri anakuja na bisibisi, wote wanakimbia. Akainua boneti. Wakainama vichwa vinne chini yake, na Kasimiri akaanza kulegeza kopo la chujio, taratibu, vumbi lisije likamwagika kabla hawajaliona.