Mistari Sitini na Mmoja ya Chanuo

Ulimwona, usikatae. Jumanne ile alipoinua mkono kuomba mtu amsomee kazi, wewe ulizama chini ya meza kutafuta chaja iliyokuwa mkononi mwako.

Walimwita Chanuo kwa sababu programu za wenzake, zilizoandikwa kwa Ruby, lugha ya kompyuta, alizichambua kama nywele zilizofungana. Utaratibu wa ofisi ulikuwa wazi: kazi haiingii kwenye mfumo mpaka mwenzako aisome na kuipitisha, na aliye kwenye majaribio, kama yeye, haajiriwi mpaka kazi yake iingie. Wote walimpelekea zao.

"Kaka, mistari hii kumi na minne inatosha kuwa mmoja," alimwandikia jirani yake wa meza. "Usihesabu mwenyewe. Ruby inajua kuipita orodha, iache ipite."

Jirani alirekebisha, akapongezwa, akampelekea nyingine.

Ya kwake ilikaa wiki saba bila kufunguliwa.

Wiki ya pili vidole vyake vilianza kupitisha mwanga. Ya nne, nguo nazo zikafuata, na kalenda ya ukutani ikawa inasomeka vizuri kupitia bega lake. Mkuu wa kitengo alimwomba asogee kidogo, maana jua lilikuwa likipita ndani yake na kumpiga mkuu machoni. Jirani akasema afadhali, sasa anaiona saa bila kunyoosha shingo. Chanuo akacheka nao, akasogea, akaendelea kuchambua.

Nyumbani mama yake alimshonea kikengele kwenye ukosi, wadogo zake wasije wakamkalia.

"Mwanangu, wamekusoma?" aliuliza kila jioni, akiugeukia upande kikengele kilikolia.

"Bado, mama. Wala sitaki sifa. Mtu aniambie tu nimeharibu wapi."

Ijumaa majaribio yalipoisha, mkuu aliitisha kikao, akasema kazi za kitengo hazijawahi kuwa safi namna hii. Watu wakapiga makofi. Mkataba wa Chanuo haukuletwa, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, na kiti chake kikatundikiwa makoti.

Jumatatu kikengele kiliingia saa mbili kamili kama kawaida. Kufika saa nne, kazi tano za wenzake zilikuwa zimeshachambuliwa. Hakuna aliyeuliza na nani.

Kinalia sasa hivi, nyuma ya kiti chako. Mistari yake ni sitini na mmoja, iko juu kabisa ya foleni. Achana na hiyo chaja. Ifungue, isome mpaka mwisho, umwandikie alipokosea.