Shahidi wa Fundi Magodoro

"Kwani kwenu hakuna jua, mpaka pamba yako uje uipigie juu ya shuka zangu?"

Ndivyo Dobi, mama mfua nguo wa chumba cha pili, alivyomkaribisha fundi magodoro mtaani, mwaka ule alipoingia nchini bila kibali. Fundi akajibu kwamba jua ni la Mungu. Tangu hapo ugomvi wao ukawa kama chai: asubuhi upo, jioni upo.

Miaka ikapita, na sasa ombi la fundi la uraia lilipungukiwa kitu kimoja tu: raia aliyemjua tangu aingie, aape mbele ya afisa. Wapangaji wenzake wa zamani walikwisha hama au kuzikwa. Alibaki Dobi.

"Afadhali wanirudishe mpakani!" alisema fundi.

"Wakikurudisha, mimi na wanao tubaki na nani?" mkewe akamjibu. "Kampigie magoti, baba watoto. Kiburi hakina pasipoti."

Akampigia. Dobi akaendelea kupiga pasi shuka zake. Lakini siku ya siku alitokea, gauni limenyooka kwa pasi, akaapa kwa jina la Mungu mbele ya afisa ambaye tumbo lake lilitangulia kufika mezani.

"Tabia ya huyu ikoje?"

Fundi akafumba macho.

"Nimeapa, sidanganyi. Mkaidi. Akipiga pamba mtaa mzima unapiga chafya. Anakoroma mpaka ukuta wangu umepata ufa. Na polisi wakija msako, maficho yake ni nyuma ya shuka zangu."

"Na hukumripoti?"

"Kugomba nagomba, baba. Kuchongea sichongei."

Afisa akaweka kalamu chini. "Basi hafai kuwa raia."

Dobi akaiokota kalamu, akamrudishia.

"Nani kasema hafai? Umeuliza tabia, nimekupa. Kama uraia ni wa wasiokoroma, marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, mngemzika ng'ambo. Huyu anafanya kazi, analea wanawe, hajamwibia mtu hata kibanio cha nguo. Mwandike!"

Afisa akacheka hadi meza ikasogea. Mhuri ukagonga: ombi limekubaliwa.

Fundi akamshika Dobi mikono, machozi yakimtoka. "Mama, nikushukuru vipi?"

"Hebu niachie mikono. Miaka yote hii nimeshindwa kukupeleka baraza la mtaa, maana wangekufukuza nchini. Sasa una karatasi. Jumatatu tunashtakiana kama watu wengine."

Akachukua mkoba wake, akatoka.