Mabamba Yaliyooshwa

Kazi yangu ni kukataa mawe. Kwenye mkataba imeandikwa kukagua, lakini mtu wa kukubali tu hahitaji kulipwa mshahara, kwa hiyo ofisini wananiita Bi Nyufa, na nimeshaacha kununa. Kampuni yetu ya ujenzi ikitaka kuagiza mawe mengi, mimi ndiye ninayetangulia kukitazama kiwanda: karatasi zao, misumeno yao, machimbo wanakotoa mawe na uwanja wanakoyapanga. Nikirudi naandika kurasa tatu, na mkubwa wangu anasoma mstari wa mwisho.

Safari hii yalikuwa mabamba elfu sita ya graniti ya kijivu, ya kuvika ukuta wa hospitali ya watoto, ghorofa nne kwenda juu. Bamba moja lina uzito wa mtu mzima aliyeshiba. Likichomoka huko juu halichagui wa kumwangukia. Na kiwanda chenyewe kilikuwa kile anachofanyia kazi kaka yangu.

Nilimwambia mkubwa wangu mapema, nisije nikaitwa mwizi baadaye. Akaniuliza, "Kwani unakwenda kupima jiwe au kupima kaka?"

"Jiwe."

"Basi nenda."

Kaka ni msimamizi wa misumeno pale, mwaka wa thelathini na moja sasa. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, na ndiye aliyenifundisha kugonga jiwe kwa kifundo cha kidole na kutega sikio: zima hulia, lenye ufa hukohoa. Jumapili kabla ya ukaguzi niliwatembelea. Wifi yangu akatupisha sebuleni, jambo ambalo halifanyi hivi hivi, nikajua kuna neno.

"Miezi mitatu hatujapata oda ya maana," kaka akasema. "Tajiri ametuambia wazi. Hii ikitupita, anafunga upande wa misumeno, anabaki na duka la masinki. Mimi na miaka yangu hamsini na saba nani ataniajiri? Nikauze masinki?"

"Mawe yenu mazuri?"

Akautazama mlango kana kwamba jibu lingeingia kutokea huko. "Sikuombi upitishe kibaya, mdogo wangu. Nakuomba usitafute sana."

Nilikasirika hata chai ya wifi ikanishinda, maana aliyenifundisha kutafuta ni yeye mwenyewe.

Jumanne saa tatu asubuhi nilikuwa getini. Tajiri, mwenye kiwanda, alinipokea kwa mikono miwili. Shati jeupe, viatu safi mno kwa mtu anayekaa na vumbi la mawe. Hatujafika ofisini akawa ameshanitania: "Bi mkaguzi, usipoziba ufa utajenga ukuta, au siyo?" Akacheka peke yake. Hakuna kiwanda nilichowahi kuingia nisiambiwe methali hiyo, na kila anayeisema anadhani ndiye wa kwanza.

Nilianza na karatasi. Cheti cha maabara kinachoonyesha nguvu ya jiwe kilikuwa cha miaka mitatu iliyopita.

"Jiwe ni lile lile," tajiri akasema.

"Na machimbo?"

"Yale yale. Tumesogea kidogo tu, upande wa pili wa kilima."

"Mnakata kwa waya?"

"Kwa waya." Akanywa maji. "Mara nyingi."

Niliandika "mara nyingi" na kuipigia mstari. Jiwe likikatwa mlimani kwa waya hutoka zima. Likitolewa kwa baruti huja haraka na kwa bei nafuu, lakini mshindo huingia ndani yake na kuacha nyufa ambazo macho hayazioni mpaka limeshakuwa bamba, na pengine mpaka limeshakuwa ukuta.

Upande wa misumeno sikuwa na la kusema. Kaka alikuwa amesimama kwenye mashine yake na aproni ya mpira, akanisalimu kwa kichwa kama mtu asiyenijua. Nilipima unene wa mabamba kumi na mawili, na lililozidi lenzake halikuzidi kwa milimita nzima. Sakafu ilikuwa safi, na visu vya misumeno vilikuwa na tarehe ya kubadilishwa. Niliandika "kazi nzuri sana", maneno ambayo situmii ovyo, na niliyaandika kwa furaha.

Kisha tukatoka uwanjani. Mabamba mia mbili na ushee yalikuwa yamesimamishwa kwenye fremu za mbao, safu kwa safu, kila safu imeachiwa nafasi ya mtu kupita. Yote yalikuwa yanatiririka maji. Wafanyakazi wawili walikuwa ndiyo kwanza wanakunja mpira wa maji.

Tajiri aliyaona sawa na mimi, na cheko likamkauka. Akanigeuza kwa bega. "Tukanywe chai kwanza, bi mkaguzi. Mgeni hakagui na njaa."

Nilikubali. Mawe mabichi hayakaguliki, yanang'aa yote hata mabovu. Tukanywa chai na biskuti, akanieleza habari za masinki. Kila nikigusa kalamu ananiongezea kikombe. Nilipotazama saa, nusu saa ilikuwa imepita na jua limepanda. Nikamshukuru, nikainuka, nikatoka kabla hajatafuta kisahani kingine.

Mimi hutembea na chupa ndogo ya maji kwenye mkoba. Nachagua mabamba matano, nayamwagia kidogo kwa nyuma, nangoja. Uso wa jiwe hukauka upesi, lakini maji yaliyoingia ndani ya ufa hukawia, na ufa unabaki ukijichora kwa mstari mweusi. Matano kati ya mia mbili ni bahati nasibu, najua. Mwenye kiwanda mjanja hupanga mazuri safu ya mbele, na mkaguzi aliyechoka huchagua ya mbele. Safu ya mbele ya tajiri huyu ilikuwa haina doa.

Lakini asubuhi hiyo uwanja mzima ulikuwa umemwagiwa maji, mbele na nyuma. Nilipita katikati ya safu. Kwa mbele nyufa zilikuwa zimejazwa gundi na kupakwa nta, huwezi kuziona. Kwa nyuma hakuna aliyejisumbua. Mistari ilikuwa pale, myembamba kama unywele, ikikatiza mabamba kutoka pembe hadi pembe. Hawa ufa walikuwa wameuziba kweli. Nikaanza kuhesabu mbio mbio, maana jua lilikuwa linazifuta mbele ya macho yangu. Nilipofika bamba la kumi na tisa, yaliyobaki yalikuwa yamekauka, safi na ya kupendeza, na mtu angeapa kwamba hayana kitu.

Tajiri alikuwa nyuma yangu. Hakubishana nami hata kidogo. Aliwageukia wafanyakazi walioanza kukusanyika. "Nani kawaambia muoshe mawe?"

Kaka akatoka mlangoni mwa banda la misumeno, anafuta mikono kwenye aproni.

"Mimi."

"Wewe?" Tajiri alishangaa kweli, hakuwa anaigiza. "Wewe unayejua maji yanafanya nini kwenye jiwe? Kwa nini?"

"Mdogo wangu alikuwa anakuja," kaka akasema. "Yalikuwa na vumbi."

Nilitamani ardhi inimeze. Mtu aliyekata mawe miaka thelathini na moja, aliyeniomba nisitafute, alifika kazini alfajiri akaona uwanja umechafuka na mgeni ni wa nyumbani kwao, akafanya kile ambacho mama angefanya: akaosha. Ya maji na nyufa hayakumjia kabisa. Nilimwona yakimjia sasa hivi, pale pale mlangoni. Midomo ilimlegea.

Tajiri aliingia ofisini na kubamiza mlango. Wafanyakazi wakatawanyika. Nikaketi kwenye fremu tupu na fomu yangu magotini, nikaandika: cheti kimepitwa na wakati, baruti, nyufa zilizofichwa kwa gundi, mabamba kumi na tisa. Nilijichukia kwa kuwa kazi yangu ilikuwa sahihi.

Kaka akaja akasimama mbele yangu. Nilingoja anilaumu. Nilikuwa nimeshaandaa na jibu.

"Umehesabu ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Siyo kumi na tisa."

"Nilipofika hapo, yaliyobaki yalikuwa yamekauka, kaka."

Akatoa chaki mfukoni, ile ya kuwekea alama za msumeno, akaenda safu ya kwanza kutoka nyuma. Hakuhitaji maji. Alikuwa anakumbuka kila gogo la jiwe lililotoka upande ule wa kilima na bamba gani limezaliwa na lipi. Anagonga kwa kifundo, anasikiliza, anapiga mstari wa chaki, anasogea. Dirisha la ofisi likafunguka.

"Unajua unachokifanya?" tajiri akapaza sauti. "Unajifukuza kazi mwenyewe!"

Kaka hakugeuka. Nilimfuata nikamshika aproni. "Inatosha. Kumi na tisa yanatosha kukataa."

"Ukikataa, kataa vizuri," akasema. "Nisije nikasikia huko mjini kwamba mdogo wangu alibahatisha."

Yalikuwa sitini na matatu. Nilifuta kumi na tisa, nikaandika hesabu yake, na chini nikaandika mstari ambao mkubwa wangu angeusoma: kiwanda hiki kisipewe oda. Fomu hutaka pia sahihi ya mwakilishi wa kiwanda. Tajiri alikataa hata kunifungulia mlango. Kaka aliichukua, akafuta chaki vidoleni asiichafue karatasi, akatia sahihi, akaandika na cheo chake, msimamizi wa misumeno, kwa herufi kubwa, ingawa kufikia saa ile sidhani kama alikuwa bado nacho.