Makofi ya Mgeni

Pascaline alimdharau mtu yeyote anayepiga makofi kabla ya kuelewa, na mji wa Kasongo ulijaa watu wa namna hiyo. Kwao mgeni akimaliza kusema anapigiwa makofi, awe amesema kweli au upuuzi. Ni adabu tu, kama kumpa maji ya kunawa. Enjinia Aristote, aliyeletwa kutoka Bukavu na mradi wa umeme wa jua, hakulijua hilo, au alilijua mno. Alisimama sokoni, akauliza kama raia wanautaka mradi, akapigiwa makofi mpaka kuku wakatawanyika. Akawaambia wakubwa zake kwamba Kasongo nzima imekubali.

Imekubali nini? Hakuna aliyeuliza pano, yale mabamba ya kunasa jua, zitawekwa wapi. Ziliwekwa palipopigwa na jua kuliko pote, yaani kwenye uwanja ambako Pascaline na wenzake walianika muhogo baada ya kuuloweka mtoni. Muhogo ukikosa jua huota ukungu, unga wake hunuka, na mnunuzi hupita akiziba pua. Unga huo ndio uliowalisha watoto wa Pascaline. Kazi nyingine hakuwa nayo.

Basi siku ya kuzindua mradi alidamka na beseni lake, akatandaza muhogo juu ya pano zenyewe. Zilikuwa safi, zimeinama kidogo tu, zinapata joto zuri. Wenzake walipoona, wakamfuata. Hadi wageni wanafika, pano zote zilikuwa nyeupe pe.

Aristote akabonyeza kitufe. Taa hazikuwaka.

"Nani ameweka hii uchafu?" akafoka.

"Haiko uchafu," Pascaline akamjibu. "Iko bugali yako ya kesho."

Octave, shefu, yaani mkuu wa mtaa, akajitokeza akiwa amevaa tisheti ya mradi iliyomkaba tumbo. "Mama Pascaline, unatupatisha haya! Watu wote walikubali. Hawakupiga makofi?"

"Walipigia mugeni." Akamgeukia Aristote. "Bwana enjinia, ile siku tulikupikia wali na kuku, ulitupigia makofi wamama wote. Ulikuwa unakubali kutuoa?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wanawake walishikana mabega, na hata walinzi wakageuka pembeni kuficha meno. Aristote akainamisha kichwa. Pascaline akafurahi kweli. Kwa mara ya kwanza watu wake walionekana kuwa na akili, na moyo ulimwambia kwamba uwanja umerudi.

"Mama iko na haki," Aristote akasema kwa sauti ya asali. "Sisi tunawaheshimu sana. Ni kwa ile tutazungusha senyenge ya miiba hapa pote, mutu asiingie tena, umeme usimuumize. Aksanti sana kwa kunisikiliza."

Mgeni alikuwa amemaliza kusema.

Octave ndiye aliyeanza. Kisha walinzi, kisha wazee, kisha wanawake walewale wa muhogo, macho bado yana machozi ya kicheko, wakapiga makofi kwa nguvu mpaka chembe za muhogo zikaruka kutoka viganjani mwao. Aristote akatabasamu, akawapungia mkono.

Pascaline alitamani kuwatemea mate mmoja mmoja. Hakutema. Alianza kuokota muhogo wake, ambao ulikuwa bado mbichi, akaurudisha kwenye beseni.