Wanaongoja Kitufe cha Baba

Tangu kiharusi kimnyang'anye sauti, Baba husema kwa vitufe. Dada yangu mkubwa ndiye aliyemwandikia programu hiyo: Baba akibonyeza, kompyuta inamsemea. Asubuhi ile kompyuta ilikuwa moto kama pasi, feni yake ikivuma. Baba alibonyeza "maji". Nilishamnywesha na kikombe nimekiosha ndipo ikasema, "Maji."

"Asante kwa taarifa," Dada akaiambia, lakini hakucheka.

Jioni wangekuja wazazi wa kijana mmoja, fundi viatu wa mtaani kwetu, kuniposa. Baba alikataa kuwajibu kabla hajaniuliza mimi, tena mwenyewe, si kwa kinywa cha mtu. Dada alishamwekea vitufe vya maneno aliyoyataka.

Dada akachungulia kinachokula nguvu za mashine.

"Ona. Ndani kuna nyuzi nne, yaani vibarua wanne wanaofanya kazi kwa pamoja. Mmoja anasema, watatu wanangoja kitufe. Na wanaokula nguvu zote ni hao wanaongoja!"

"Kungoja nako kunachosha?"

"Niliwaamuru waulize bila kupumua: kabonyeza? Kabonyeza? Nilitaka Baba asicheleweshwe hata kidogo." Akajishika kichwa. "Sasa huyo wa kusema hapati hata nafasi."

Chumbani tukamsikia shangazi: "Kaka, umechoka? Kaka, nikugeuze? Kaka, au njaa?" Baba alikuwa amefumba macho, kidole kikining'inia hewani.

"Na yule ni uzi wa tano," nikanong'ona. Hapo Dada akacheka mpaka akafuta machozi.

Akabadilisha amri: wale watatu walale, kitufe ndicho kiwaamshe. Feni ikapunguza kelele, kisha ikanyamaza. Shangazi tukamwomba atusaidie jikoni.

Nikaketi mkekani, karibu na miguu ya Baba. Akabonyeza.

"Kimya," kompyuta ikasema papo hapo. Ndilo jina alilonipa utotoni. "Unampenda?"

Nikainamisha uso. Kama kawaida yangu, nikaanza kuchezea ukingo wa mkeka. Dada akafungua kinywa aniulize tena. Baba akamwinulia kidole. Na yeye hakubonyeza tena. Alingoja tu, macho yake kwangu, mpaka nikasikia saa ya ukutani.

"Nampenda, Baba."

Kidole chake kikatambaa polepole juu ya vitufe, kikatua.

"Waje."