Barua ya Mama kwa Rais

Mwaka wa sabini na sita mume wangu Zenon alifungwa miaka mitatu kwa ajili ya maksai wa kijiji ambaye hakumwiba. Siku maksai alipopotea, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, watu wa Kasense walikuwa misani. Zenon alikuwa kwa mama yangu, akimpigia matuta yetu haya ya mviringo, yanayozikwa nyasi ndani. Mama alibaki naye, goti lilimsumbua. Mlinzi wa zizi alisema kabla mvua haijaanza aliona mtu mrefu akiswaga maksai. Na mrefu kijijini alikuwa mmoja.

Hakimu akamwuliza alikuwa wapi.

"Kwa mama mkwe," Zenon akajibu.

"Mama mkwe anaitwa nani?"

Kwetu mwanamume hataji jina la mama mkwe wake, hata nyumba ikiungua. Zenon akabaki anatazama vidole vya miguu. Hakimu, mtu wa mbali, akasema asiyejua jina la mama mkwe hakuwa kwake. Mimi siku ya kesi nilikuwa ndani na uzazi wa Urbano, mdogo wake Adela, na mama hakuna aliyemwita.

Nilipopata nguvu nikaenda gerezani.

"Baba Adela, jina moja tu limekushinda?"

"Ulitaka nimtaje mbele ya polisi?"

"Umeona afadhali miaka mitatu."

Akacheka, akaniuliza kama mtoto ananyonya vizuri. Askari jela akatuambia mfungwa anaweza kumwandikia Rais, akaomba msamaha. Hapo Zenon akaacha kucheka.

"Siombi. Nisamehewe kulima?"

Nikamrudishia mama maneno hayo. Alikuwa anapukuchua maharage. Akapukuchua mpaka ungo ukajaa, ndipo akasema, "Lete karatasi. Jina langu mimi naliweza."

Nikaenda mjini dukani kwa Mzee Zubery. Aliposikia barua inakwenda wapi, akaniambia Rais haandikiwi kwa penseli, akaniazima kalamu yake ya wino. Nilikuwa na darasa la tatu tu, basi nikaandika polepole, mama akisema.

"Andika: Mheshimiwa Rais, mimi ni Epifania wa Kasense. Najitaja mwenyewe kwa kuwa yeye hawezi. Siku ya Yosefu alinipigia matuta arobaini na moja tangu alfajiri. La arobaini na mbili aliliacha nusu, mvua ilipotufukuza. Sijaligusa. Anayebisha aje ahesabu. Siombi asamehewe, naomba arudishwe."

"Nani arudishwe, mama? Mtaje."

Mama akageukia ukuta. "Mumeo."

"Gerezani kumejaa waume za watu."

"Yule mrefu."

"Warefu nao wapo."

"Basi andika wewe, mimi nisisikie." Akaziba masikio, na mimi nilikuwa naandika tu, sitamki kitu. Nikamwambia nimemaliza, akaweka dole gumba.

Ikapita miezi. Mama akipita shambani akawa analizunguka lile nusu tuta kama pamelala mtoto. Wakati wa kiangazi akaja bwana mmoja kutoka mkoani, suruali imepigwa pasi. Akahesabu matuta mara mbili, kisha akamwuliza mama mvua ilianza saa ngapi.

"Padre alikuwa hajamaliza mahubiri," mama akamwambia. "Waulize waliolowa wakitoka."

Akawauliza. Akaandika, akasema matuta hayo ni kazi ya asubuhi nzima, akaondoka na vumbi mpaka magotini.

Mwezi wa kumi na mbili nikasikia Zenon amefunguliwa, karatasi ya Rais imefika. Nikapika, nikangoja. Ugali ukapoa. Nikatoka kumtafuta, nikamkuta kwa mama, shati la safari bado mwilini, anamalizia lile tuta.

Mama alikuwa mlangoni, amempa mgongo, anaongea na kuku wake.

"Kuku, mwambie huyo mtu, siku nyingine hakimu akiuliza, mimi naitwa Epifania."

Zenon hakuinua kichwa. "Jembe," akasema, "mwambie mama nimesikia. Ila sitamtaja."

Mama akatikisa kichwa, akaingia ndani kumtafutia chakula.