Majina Yaliyokuwa Kwenye D

Papa Grégoire alikataa maneno yake yaandikwe kwenye karatasi. Karatasi aliziona zikiungua mara mbili: mara ya kwanza kwenye ofisi ya chifu kule kwao Kivu ya Kusini, mara ya pili ndani ya nyumba yake mwenyewe, pamoja na daftari la ubatizo alilokuwa amemfichia padri.

"Weka mu mashini," alimwambia Chantal. "Moto haiwezi kuingia mule."

Kwa hiyo mwezi wa sita, asubuhi mbili mfululizo, mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya nyumba yake ya udongo huko Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, akataja watu arobaini na mmoja wa kijiji chake waliouawa siku moja, na mahali alipomzika kila mmoja wao. Alibaki kule siku tatu akifukia peke yake, wakati wote waliopona walikuwa wameshakimbilia ziwani. Huyu chini ya mparachichi nyuma ya shule. Wale watatu pamoja, kwenye shimo la kulowekea mihogo. Mama fulani na mwanawe, hatua kumi na mbili kutoka kwenye chemchemi, ukielekea mlimani. Yote yalichukua saa mbili na dakika kumi. Chantal alirekodi, akasikiliza tena tangu mwanzo hadi mwisho, akahifadhi kwenye laptopu ya kamati.

Mwezi wa nane Papa Grégoire akafa kwa homa ya mapafu.

Chantal alikuwa mwandishi wa kamati ya watu waliopoteza ndugu. Kabla ya kukimbia alikuwa karani wa zahanati, mwanamke wa miaka thelathini na minne sasa, mwenye mwandiko mzuri na subira. Watu pale Nakivale walimwamini kwa mambo mawili: alijua kunyamaza mtu anapolia, na alijua mashini. La pili halikuwa kweli sana. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya siku tatu tu. Mwalimu aliwaeleza kwamba disiki ya laptopu yao imegawanywa sehemu mbili: C, wanamokaa wenyeji, yaani programu za mashini yenyewe, na D, inamowekwa kazi yao. Akawapa na disiki ya nje, ndogo kama kipande cha sabuni, akaipanga programu ichukue picha nzima ya D kila wiki na kuiweka humo.

"Hiyo ndiyo bakapu," alisema. "D ikifa, mnairudisha kutoka hapa, vilevile kama ilivyokuwa siku ya picha."

Siku chache kabla ya Pasaka disiki ya nje ikajaa. Tangu hapo, kila wiki, kijidirisha cha Kiingereza kilijitokeza kwenye kona ya skrini. Chantal alisoma Kifaransa. Kiingereza alikuwa akikikisia. Alikifunga kile kijidirisha kama mtu anayefukuza nzi, akaendelea na kazi. Kwenye vikao wakimuuliza kama sauti ziko salama, alijibu, "Ziko fasi mbili, mu D na mu disiki ya inje," na aliamini alichosema.

Mwezi wa tisa kamati ikapata habari iliyokuwa ikiingoja kwa miaka minne. Wanasheria wawili wanaokusanya ushahidi wa mauaji yale wangefika Nakivale siku ya Alhamisi, na walitaka hasa kumsikiliza Papa Grégoire akieleza makaburi yalipo. Jumatatu Chantal akawasha laptopu ili apange mafaili. C ikafunguka. D ikakataa. Badala ya kuonyesha mafaili, mashini ikamuuliza kama anataka D ifomatiwe. Neno hilo alilijua: kufuta kila kitu. Akabonyeza hapana, akazima, akabaki ameketi, mikono mapajani, hadi chai yake ikapoa.

Jumanne alikuwa mjini Mbarara, kwenye chumba cha fundi wa kompyuta aitwaye Rwakabuba. Baba yake Rwakabuba alikuwa askari, naye alizaliwa na kukulia kwenye kambi ya jeshi ya Makenke. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kifupi, kama cha mtu anayetoa amri hata anapobembeleza, na kila mwanamke alimwita nyabo, yaani mama. Aliiwasha laptopu kwa flashi yake, akaisikiliza disiki kwa sikio, akatikisa kichwa.

"Hii disiki imechoka, nyabo. Lakini vitu yako iko ndani bado. Mlango ndiyo imekufa, nyumba iko."

"Bitatoka leo?"

"Leo hapana. Sikia vizuri. Kwanza mimi natoa kopi ya D hivi hivi na ugonjwa yake, kidogo kidogo, naweka kwa disiki ingine. Halafu natafuta vitu kwa ile kopi. Hii yenyewe hatugusi. Ijumaa utapata."

"Bageni banafika Alhamisi."

"Wageni watangoja."

"Hapana, hawa habangoji. Tulishabangojea miaka ine." Chantal akafungua mkoba, akatoa disiki ya nje. "Tuko na bakapu."

"Ya lini?"

"Ya kila wiki. Inajifanyaka yenyewe."

Rwakabuba akaichomeka, akafungua programu ya kurudishia, na kabla hajasoma kitu simu yake ikalia. Mama yake alikuwa hospitalini Ruharo. Walikuwa wamemfungua bandeji ya jicho, na sasa alikuwa amesimama getini hajui aelekee wapi. Fundi akainuka.

"Narudi sasa hivi. Usiguse kitu. Hata kidogo. Nikirudi tunaangalia pamoja."

Chantal hakugusa kitu kwa muda wa robo saa. Skrini ilikuwa mbele yake. Kwenye orodha palikuwa na mstari mmoja tu: D, na tarehe yake, 04/09. Akaisoma kama alivyosoma tarehe maisha yake yote, siku kwanza, mwezi baadaye. Tarehe nne, mwezi wa tisa. Alhamisi iliyopita! Na leo ni tarehe tisa, na katikati hapo hakurekodi mtu yeyote. Ilimaanisha kila kitu kilikuwa ndani ya kile kipande cha sabuni, na yule fundi alitaka kumchelewesha bure hadi Ijumaa.

Aliwaona wanasheria wameketi, kamati imeketi, na yeye amesimama mikono mitupu. Aliona pia, na hili lilimuuma kulikiri baadaye, jinsi ambavyo angerudi nyumbani akasema ameitengeneza mwenyewe.

Akabonyeza mstari. Programu ikamuuliza swali refu. Maneno mawili aliyatambua: yote, na kufutwa. Alidhani inazungumzia ule ugonjwa. Akabonyeza ndiyo.

Mstari wa kijani ukatambaa kwa dakika hamsini. Ulipofika mwisho, D ikafunguka, na Chantal akacheka kwa sauti peke yake mle chumbani. Kisha akatazama mafolda. Januari. Februari. Machi. Aprili. Akashusha orodha. Haikushuka. Akaifunga D, akaifungua tena. Januari, Februari, Machi, Aprili.

Rwakabuba alirudi amemshika mama yake mkono, bibi mfupi aliyevaa miwani myeusi. Aliitazama skrini hata kabla ya kumtafutia kiti.

"Nani amegusa?"

"Njo mimi."

"Mimi nilisema nini?"

"Iliandika tarehe ine, mwezi wa kenda."

Fundi akainama, akasoma. "Hapana. Hii ni mwezi wa ine, tarehe tisa. Hawa wenye programu wanaanza na mwezi." Akavuta kiti kwa mguu, akamkalisha mama yake, kisha naye akakaa. "Nyabo, ile picha ya mwezi wa ine imelala juu ya vitu yako."

Hakupiga kelele. Chantal angependa apige. Alimweleza tu kwamba picha imefunika pale ilipopahitaji. Pengine palibaki sehemu ambazo haikuzifikia, na humo mnaweza kuwa na vipande vya sauti visivyo na majina. Angevitafuta. Chantal akaenda kulala kwa mwanamke wa kanisani kwao, na Jumatano asubuhi akawa mtu wa kwanza mlangoni.

Kati ya sauti ishirini na tatu zilizorekodiwa tangu Aprili, vilipatikana vipande sita. Kimoja kilikuwa cha Papa Grégoire, dakika nne. Anataja jina lake, jina la baba yake, na uchifu wao. Anauliza kama mashini inasikia. Anasema ni wengi, na kwamba ataanza na watoto. Kuanzia hapo ni mvumo mtupu, kama mvua juu ya bati.

"Kama ningengoja," Chantal akauliza, "ungebipata?"

Rwakabuba angeweza kudanganya. Alikuwa akifunga skurubu za laptopu, hakuinua macho.

"Mingi. Labda yote."

Njia nzima hadi Rwekubo, na kutoka Rwekubo hadi kambini, Chantal alipanga maneno. Disiki ilikufa. Fundi alijaribu akashindwa. Nani pale Juru angejua tofauti? Mashini hufa kila siku. Simu hufa, redio hufa, na hakuna anayeulizwa. Alipofika kwa Anne, binti wa marehemu, maneno yalikuwa yamekwisha kupangika vizuri, kama nguo zilizopigwa pasi.

Anne alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, wa mwisho kwa Papa Grégoire na wa pekee aliyekuwa naye kambini; Chantal kwake alikuwa Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Chantal, karibu. Bale bageni ba kesho banafika saa ngapi? Nilishafua kitenge. Nataka kuvaa muzuri siku ya kusikia papa."

Chantal akakaa kwenye mkeka. "Anne, mashini ilikufa. Fundi alitafuta siku mbili. Sauti ya papa haiko. Kulibaki kipande kidogo tu."

Anne aliacha maharagwe. Akanyoosha mkono na kumshika Chantal goti.

"Mashini inakufaka, Yaya. Hii si kosa yako. Usijihukumu."

Kama Anne angemlaani, pengine Chantal angelishikilia lile neno lake mpaka kaburini. Lakini kusamehewa kwa kosa ambalo hakulikiri alishindwa kukuvumilia.

"Hapana," akasema. "Haikukufa. Sauti ilikuwa mule. Fundi aliniambia ningoje mpaka Ijumaa, nisiguse. Nikagusa. Nikaweka ya zamani juu ya papa yako. Njo mimi, Anne. Na vidole vyangu hivi."

Mkono ukatoka gotini.

Jirani mmoja akapita na jerikeni, akawasalimu, hakuna aliyeitikia.

"Papa alikaa na maiti siku tatu," Anne akasema hatimaye, kwa sauti ya chini sana. "Bila kula, bila mutu wa kumusaidia, bale batu wenye kuua bangali karibu. Siku tatu. Na wewe ulishindwa kukaa siku tatu na mashini?"

Chantal alichukua simu ya Anne, akamwekea ile sauti ya dakika nne, akasimama, akaondoka. Nyuma yake akasikia sahani ya maharagwe ikimwagika. Hakujua kama imeanguka au imetupwa.

Alhamisi wanasheria walifika, mwanamume na mwanamke, na kamati ikawakaribisha kwenye chumba cha kanisa. Chantal alisema mbele ya wote alichofanya, hatua kwa hatua: kijidirisha alichokuwa akikifunga, ile tarehe, kitufe. Mama mmoja, ambaye sauti yake nayo ilipotea, alitoka nje kabla Chantal hajamaliza. Wengine walitazama chini. Mwenyekiti alitaka kusema neno la kumpoza, akakohoa, akaliacha.

Mwanasheria wa kike akauliza kama yuko mtu aliyekuwepo mzee akizungumza.

"Mimi," Anne akasema. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, na kitenge chake alichokifua. "Nilikuwa mule. Siku zote mbili."

Akaletwa mbele. Akaanza kutaja, taratibu, akihesabu kwa vidole. Watu kumi na wanne aliwakumbuka kwa majina, na makaburi matano. Waliokuwa wakisikiliza wakaongeza: fulani alikuwa na mkwe, fulani alikuwa na dada kiziwi. Mpaka saa sita mchana majina yalikuwa yamefika ishirini na sita. Makaburi yalibaki matano. Mwanasheria alieleza, kwa upole, kwamba bila mahali pa kuchimba kesi ingekuwa nzito sana, lakini wataandika kila kitu.

"Na watoto?" akauliza. "Kwenye hiki kipande mzee anasema ataanza na watoto. Mwanzoni kabisa. Alitaja wangapi?"

Anne aliitazama ile kalamu iliyokuwa ikimngoja. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu jana, akamtazama Chantal.

"Sijue," akasema. "Alianza kulia. Papa hakulilaka hata siku moja. Nikatoka inje, nikakaa kule nyuma ya jiko, nikaziba masikio mpaka alimaliza bale batoto bote."

Kalamu ikabaki hewani. Chantal alikuwa amezisikiliza zile sauti zote, neno kwa neno, na watoto wale aliwahi kuwasikia mara mbili. Akafumba macho akawatafuta. Akapata wawili. Akawataja, na mwanasheria akawaandika.